Uvimbe na Ubaki, Jicho Lione

Mgonjwa mwenye meninjioma ya neva ya jicho, yaani uvimbe unaoota kwenye utando wa neva ya kuonea, akifika kwetu, swali lake la kwanza huwa lile lile: uvimbe utatoka lini? Ndugu aliyemsindikiza naye huuliza hilo hilo, mara nyingi kwa sauti ya chini, mgonjwa akiwa ameingia kupimwa. Jibu letu huwashtua wote wawili. Pengine hautatoka. Baada ya wiki sita za mionzi, picha ya MRI inaweza kuonyesha uvimbe ule ule, pale pale, kwa ukubwa ule ule, na sisi tukaihesabu tiba kuwa imefaulu. Tunachokipigania ni herufi anazoweza kusoma ubaoni, wekundu wa rangi nyekundu, na ule upande wa dunia ambao jicho lake lilikuwa limeanza kuupoteza.

Kazi yangu ni kupanga dozi za mionzi. Sipasui mtu wala siandiki dawa. Nakaa mbele ya skrini yenye picha za kichwa cha mtu, na pamoja na daktari wa tiba ya mionzi na mwanafizikia tunaamua miali ipite wapi, kwa nguvu gani, na nini kisiguswe. Nimepanga tiba za viungo vingi, lakini hakuna inayonikalisha kitini muda mrefu kama uvimbe uliozunguka neva ya jicho. Naandika haya kwa sababu maelezo mengi yanayowafikia wagonjwa husifu mionzi inayolenga kwa usahihi wa milimita, kisha huishia hapo. Mgonjwa huondoka akiamini kwamba usahihi ndio utakaomwokoa. Kwa ugonjwa huu, usahihi ni nusu tu ya habari.

Tuanze na neva yenyewe. Ina urefu wa takriban milimita 50, kuanzia nyuma ya jicho hadi inapokutana na mwenzake wa upande wa pili chini ya ubongo. Ndani yake mna nyuzi kama milioni moja, kila moja ikibeba habari kutoka kwenye retina, pazia la ndani ya jicho linalopokea mwanga. Kwa asili hii ni sehemu ya ubongo iliyorefuka mpaka kwenye jicho. Ndiyo maana imevikwa tando zile zile tatu zinazouvika ubongo, na ndiyo maana nyuzi zake zikifa hazioti tena. Neva ya kidole iliyokatwa inaweza kuchipua upya polepole. Hii haichipui, na hakuna dawa wala upasuaji wa kuirudisha.

Meninjioma huanzia kwenye seli za utando wa kati. Ni ugonjwa adimu, kama asilimia 1 hadi 2 tu ya meninjioma zote, na huwapata zaidi wanawake wa umri wa kati. Kwa kawaida huwa jicho moja. Macho yote mawili yakishikwa, madaktari hufikiria kasoro ya kurithi iitwayo NF2. Uvimbe huu hukua polepole, hausambai mwilini, na mwenye nao hafi kwa sababu yake. Ubaya wake ni mahali ulipokaa. Hukua ndani ya ala ya neva, yaani kile kifuko cha tando zake, ukaizunguka pande zote, hata neva ikawa inapita katikati ya uvimbe kama utambi ndani ya mshumaa. Huibana, huzuia mtiririko ndani ya nyuzi zake, na hujilisha kwa mishipa ile ile midogo ya damu inayoilisha neva.

Mishipa hiyo ndiyo iliyomshinda daktari wa upasuaji. Ukibandua uvimbe unabandua pamoja nao damu ya neva, na neva isiyo na damu hufa mezani. Kwa miaka mingi wagonjwa waliingia chumba cha upasuaji wakiona kwa shida, wakatoka uvimbe umeondolewa na jicho limezima. Siku hizi upasuaji umewekewa mipaka: jicho ambalo tayari limepofuka na limesukumwa nje likiuma au kuharibu sura, au uvimbe unaoelekea ndani ya fuvu na kulitishia jicho la pili.

Mwaka 2002 mtafiti Turbin na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 64 waliofuatiliwa kwa muda wa wastani wa zaidi ya miaka kumi. Waliwagawa katika makundi manne: walioangaliwa tu bila tiba, waliopasuliwa tu, waliopasuliwa kisha wakapigwa mionzi, na waliopigwa mionzi peke yake. Uoni ulishuka kwa kiasi kikubwa katika makundi matatu ya kwanza. Kundi la mionzi peke yake ndilo pekee lililosimama. Wengine katika kundi hilo walipata madhara, hasa kwenye mishipa ya retina, kwa sababu mbinu za wakati ule zilimwaga dozi mahali pengi pasipohitajika. Lakini mwelekeo ulikuwa wazi, na tangu hapo kazi yetu imekuwa kubakiza faida ile na kupunguza gharama yake.

Hapo ndipo kulenga kunapoingia. Wazo la kuelekeza miali mingi myembamba kutoka pande nyingi ikutane mahali pamoja ni la daktari Lars Leksell wa Sweden, aliyeliandikia mwaka 1951 na baadaye akatengeneza mashine ya Gamma Knife. Kila mwali peke yake ni dhaifu, haudhuru sana unapopita. Inapokutana ndipo dozi inapokuwa kubwa, na nje ya hapo huporomoka ndani ya milimita chache. Kwa uvimbe uliokaa mbali na neva za macho, mbinu hii hufanya kazi nzuri ajabu, tena mara nyingi kwa kikao kimoja.

Sasa rudi kwenye utambi na mshumaa. Neva imo ndani ya shabaha yenyewe. Hata mashine iwe sahihi kiasi gani, dozi inayoupiga uvimbe lazima iipige na neva, kwa sababu hakuna upande wa kupitia ambao neva haipo. Anayemwambia mgonjwa wa meninjioma ya ala ya neva kwamba mwali utauchoma uvimbe na kuikwepa neva anamwambia jambo ambalo umbo la mwili wake halikubali. Ukali wa mwali unawaokoa majirani: retina, lenzi, tezi ya machozi, tezi ya pituitari, makutano ya neva mbili, na jicho la pili. Kinachoiokoa neva yenyewe ni kugawa dozi.

Kugawa dozi maana yake ni hivi. Badala ya kutoa mionzi yote kwa mara moja, tunaitoa kwa mafungu madogo ya grei 1.8 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa siku 28 hadi 30 za tiba. Jumla hufika grei 50.4 au 54. Seli za neva na za mishipa yake zina uwezo wa kurekebisha majeraha madogo kati ya fungu na fungu. Zikipewa jeraha dogo leo, kufikia kesho zimeshalirekebisha kwa sehemu kubwa. Zikipewa jeraha kubwa, hulemewa. Tishu za mfumo wa fahamu zina sifa hii kuliko nyingine nyingi: huumizwa zaidi na ukubwa wa fungu la siku kuliko unavyoweza kudhani ukiangalia jumla peke yake.

Ushahidi ulionishawishi kuliko wote ni wa Parsons na wenzake, mwaka 1994. Walichunguza wagonjwa waliopigwa mionzi kwa sababu ya saratani za kichwa na shingo, ambao neva zao za macho ziliingia katika eneo la mionzi. Kwa neva 106 zilizopata chini ya grei 59, hawakuona hata moja iliyoharibika. Kwa zilizopata grei 60 na zaidi, hatari ya neva kufa ndani ya miaka 15 ilikuwa asilimia 11 pale mafungu yalipokuwa chini ya grei 1.9, na asilimia 47 pale yalipokuwa 1.9 au zaidi. Jumla zinakaribiana, neva ni za aina moja, na tofauti kubwa hivyo imetokana na kipande kidogo cha grei kilichoongezwa kila siku. Mapitio makubwa ya mwaka 2010 yaliyokusanya taarifa za vituo vingi yalifika karibu na hapo hapo: kwa mafungu ya kawaida madhara ni nadra chini ya grei 55, ni asilimia 3 hadi 7 kati ya 55 na 60, kisha yanapanda.

Na kwa kikao kimoja? Hapo mpaka unashuka sana. Mapitio hayo hayo yanaonyesha kwamba hatari ni ndogo chini ya grei 8, inaanza kupanda kati ya 8 na 12, na inavuka asilimia 10 kati ya 12 na 15. Meninjioma nayo huhitaji kiasi kinachokaribia hapo hapo ili itulie kwa kikao kimoja, kwa hiyo unabaki na nafasi finyu mno, au huna nafasi kabisa. Baadaye zilikuja mashine zisizohitaji fremu ya chuma kuskrubiwa kichwani, kama CyberKnife iliyobuniwa na daktari John Adler wa Stanford, na ikawezekana kutoa vikao viwili hadi vitano. Miongozo ya sasa inaruhusu neva ya macho ifikie grei 20 kwa vikao vitatu au 25 kwa vitano, hatari ikiwa chini ya asilimia 1 kwa mtu ambaye hajawahi kupigwa mionzi. Njia hii inafaa pale uvimbe unapoigusa neva upande mmoja. Lakini uvimbe ukiwa umeizunguka neva yote, mimi bado nasimama na mafungu 28 au 30. Najua wiki sita ni nyingi kwa mtu mwenye kazi na familia, na najua kikao kimoja kinavutia. Mgonjwa akiniuliza kwa nini asipigwe mara moja akaenda zake, namwonyesha tarakimu hizi.

Chumba cha kupanga ni mahali pa kimya na pa ubishi kwa wakati mmoja. Mgonjwa ameshatengenezewa barakoa ya plastiki iliyolainishwa kwa maji moto ikakaa sawasawa usoni mwake, ili kichwa kisisogee. Amepigwa picha ya CT, na tumeilaza juu ya picha za MRI ili mfupa na tishu laini vionekane pamoja. Kisha tunachora kwa mkono, kipande baada ya kipande: uvimbe, neva, jicho, lenzi, retina, makutano, tezi. Kuzunguka uvimbe tunaongeza ukingo wa milimita mbili au tatu kwa ajili ya kusogea kidogo kusikozuilika. Milimita tatu ni nyingi mahali hapa. Zinaweza kuivuta dozi mpaka nyuma ya retina.

Tena neva haitulii. Ndani ya tundu la jicho ni ndefu kuliko nafasi iliyopo, imelegea kidogo, na ulegevu huo ndio unaoliruhusu jicho kugeuka bila kuivuta. Mtu akitazama kushoto, neva nayo inahama. Kwa hiyo tunamwambia mgonjwa atazame mbele, kwenye nukta moja, wakati wa picha na wakati wa kila fungu. Wengine hudhani tunawapa maelekezo ya kuwatuliza tu. Hapana. Jicho lililotulia ni sehemu ya tiba, na mgonjwa ndiye anayelishika.

Hapa pana jambo ambalo naliangalia kuliko lolote, na ningependa kila mgonjwa ajue lipo. Hakuna mpango unaotoa dozi sawasawa kila mahali. Daima kuna vituo vya moto, sehemu ndogo zinazopata zaidi ya ilivyoandikwa. Katika tiba nyingi tunakubali mpaka asilimia 107. Piga hesabu: asilimia 107 ya grei 54 ni karibu 57.8, na asilimia 107 ya fungu la 1.8 ni 1.93. Kituo hicho kikiangukia kwenye neva, jumla imevuka 55 na fungu la siku limevuka 1.9. Neva inaadhibiwa mara mbili, huku karatasi ya maagizo bado inasema 54 kwa mafungu ya 1.8. Basi kazi inayobaki ni kukisukuma kituo cha moto kutoka katikati, kukipeleka kwenye nyama ya uvimbe iliyo mbali na utambi, na hilo linaweza kuchukua muda mrefu kuliko mpango mzima.

Wakati mwingine lazima kuchagua nani aumie. Lenzi ikipata mionzi huota mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hupasuliwa, mtu akarudi kuona. Retina ikiharibika mishipa yake haina mbadala, kwa hiyo tunajitahidi isifike grei 45. Nikilazimika kumpa mmoja dozi ya mwingine, naipa lenzi, na daktari anamweleza mgonjwa waziwazi kwamba huenda baada ya miaka kadhaa atahitaji upasuaji wa mtoto wa jicho. Tezi ya machozi iko katikati ya hao: jicho kavu linasumbua kila siku, lakini linavumilika kwa matone.

Kabla ya yote hayo, lakini, mgonjwa lazima afike. Na wengi hufika wakiwa wamechelewa, si kwa uzembe wao. Ripoti moja ya mwaka 2019 iliangalia wagonjwa 35 wa uvimbe huu: 25 kati yao walikuwa wamepewa jina la ugonjwa mwingine mwanzoni, na ucheleweshaji wa wastani ulizidi miaka mitano. Jina linalopachikwa mara nyingi ni uvimbe-joto wa neva, yaani neva kuvimba yenyewe bila kitu kuota juu yake, ule unaotibiwa kwa steroidi. Steroidi hupunguza maji kwenye uvimbe, mgonjwa huona nafuu kwa muda, na nafuu hiyo inathibitisha kosa. Tofauti zipo kwa anayezitafuta. Uvimbe-joto wa neva huja kwa siku chache, mara nyingi jicho likiuma linapogeuzwa, na kwa kawaida uoni huanza kurudi ndani ya wiki kadhaa. Meninjioma haiumi. Inaiba polepole, kwa miezi na miaka: rangi zinafifia jicho moja, vitu vya pembeni vinapotea, ukungu unaokuja na kuondoka unapogeuza macho. Daktari akimulika ndani anaweza kukuta kichwa cha neva kimepauka, na pengine mishipa midogo ya damu iliyopinda na kutafuta njia ya kando.

Picha inayohitajika ni MRI ya matundu ya macho yenyewe, pamoja na dawa ya kung'arisha na mbinu ya kufifisha mafuta, maana mafuta ya nyuma ya jicho huficha kila kitu. MRI ya kawaida ya kichwa inaweza kupita juu ya uvimbe huu bila kuuona. Ikipigwa sawasawa huonekana mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba, na neva nyeusi katikati yake. Mara nyingi picha hiyo pamoja na historia ya mgonjwa hutosha, na hakuna haja ya kukata kipande cha kupima, maana hata kukata kipande kunaweza kuizima neva. Penye shaka, kipimo cha PET kinachotafuta vipokezi vya homoni iitwayo somatostatini husaidia, kwa kuwa meninjioma hubeba vipokezi hivyo kwa wingi.

Niseme na jambo moja kwa wanawake, ingawa liko pembeni kidogo. Meninjioma nyingi zina vipokezi vya homoni ya projesteroni, na wengine uoni wao hushuka haraka wakati wa ujauzito. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba sindano ya uzazi wa mpango ya medroksiprojesteroni, hasa ikitumika kwa mwaka mmoja au zaidi, inahusiana na ongezeko la zaidi ya mara tano la hatari ya meninjioma ya ndani ya fuvu inayofikia kupasuliwa. Kwa mwanamke mmoja mmoja hatari hiyo bado ni ndogo. Lakini mwenye meninjioma tayari amweleze daktari anachotumia, na asisubiri aulizwe.

Uvimbe ukishajulikana linakuja swali gumu: tuanze lini? Mtu anayeona vizuri, asiyepoteza chochote, anaweza kuangaliwa kila baada ya miezi michache bila kupigwa mionzi. Ni haki yake asibebeshwe hatari ambayo hajaihitaji. Lakini kuangaliwa maana yake kupimwa kweli. Ubao wa herufi peke yake hautoshi, kwa sababu uoni wa katikati unaweza kubaki mzima wakati pembeni kumekwisha. Napenda jalada lenye kipimo cha upana wa kuona, ule ambao mtu hubonyeza kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Kipimo cha rangi. Majibu ya mboni kwa mwanga. Na picha ya OCT inayopima unene wa tabaka la nyuzi kwenye retina. OCT inatuambia jambo ambalo vingine haviwezi: nyuzi ngapi bado zipo. Mtu anayeona vibaya huku tabaka lake likiwa bado nene ana nyuzi zilizozimia ambazo zinaweza kuamka. Tabaka likishakonda, tunachoweza kuahidi ni kulinda kilichobaki.

Msimamo wangu ni huu. Upana wa kuona ukipungua, na kipimo cha pili kikathibitisha cha kwanza, muda wa kuangalia umekwisha. Wapo madaktari makini wanaosubiri zaidi, na sababu zao nazielewa. Lakini nimepokea majalada ambayo kila ukurasa unaonyesha kupungua kidogo, na chini ya kila ukurasa pameandikwa "arudi baada ya miezi sita", mpaka ukurasa wa mwisho ambapo jicho linaona mkono ukipungwa tu. Majalada hayo hunitia uchungu, kwa sababu mpango ninaouchora siku hiyo ni ule ule ambao ningeuchora wakati mtu huyo bado anasoma gazeti.

Tiba yenyewe haina mengi ya kutisha. Kila fungu huchukua dakika chache, mgonjwa hasikii chochote, uchovu huongezeka kadiri wiki zinavyopita, nywele zinaweza kutoka mahali miali inapoingilia, wengine huumwa kichwa kidogo. Kinachonishangaza bado ni jinsi uoni unavyoweza kurudi mapema, wakati mwingine kabla tiba haijaisha, hali uvimbe haujapungua hata milimita. Mama mmoja mtu mzima, katikati ya tiba yake, aliniita aliposikia niko karibu. "Mwanangu," akasema, "ule mstari mwekundu wa mwanga ukutani, mnaotumia kunilaza sawasawa. Juzi jicho hili lilikuwa linaniambia ni wa kahawia." Nikamwambia, "Mama, hilo tuliandike." Siku iliyofuata walimpima rangi, na kweli aliongeza. Alipomaliza tiba akauliza kama sasa uvimbe umetoka, nikamwonyesha picha. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Basi na ukae, ilimradi umetulia."

Watoto ni habari nyingine, na lazima niiseme ili mzazi asichukue niliyoandika akayapeleka pasipostahili. Uvimbe wa neva ya jicho kwa watoto mara nyingi ni glioma, unaoanzia kwenye neva yenyewe badala ya ala yake, na wengi wao wana kasoro ya kurithi ya NF1. Kwa watoto wa NF1, glioma nyingi hukaa miaka bila kukua, nyingine hupungua zenyewe. Zinazohitaji tiba huanza na dawa, kwa kawaida kaboplatini na vinkristini, na sasa dawa zinazozuia protini ya MEK zinachunguzwa. Mionzi tunaisogeza mbali kadiri iwezekanavyo. Ubongo unaokua huumizwa nayo katika kujifunza na katika homoni, mishipa mikubwa ya damu inaweza kuziba taratibu na kuleta kiharusi, na mwenye NF1 akipigwa mionzi utotoni hatari yake ya kupata uvimbe mwingine baadaye huongezeka. Mzazi akija na mtoto mdogo akiomba mionzi kwa sababu ilimsaidia shangazi wa mtoto, tunamkalisha na kumweleza yote haya taratibu.

Kwa mtu mzima aliyemaliza tiba, kipindi cha kuwa macho zaidi ni miaka michache ya mwanzo. Neva inayoharibiwa na mionzi haiharibiki siku za tiba. Huja baadaye, kuanzia miezi mitatu hadi miaka kadhaa, mara nyingi karibu na mwaka mmoja na nusu: uoni huanguka ghafla, bila maumivu. Steroidi, oksijeni ya shinikizo kubwa na bevasizumabu zimejaribiwa, na hakuna inayotegemeka. Ulinzi wote uko nyuma, kwenye grei 1.8 na kwenye kituo cha moto kilichosukumwa pembeni. Hata hivyo anayeona mabadiliko ya ghafla aje siku hiyo hiyo, kwa kuwa si kila kushuka ni neva: inaweza kuwa retina, mtoto wa jicho, au jicho kavu, na hayo yana tiba zake. Uvimbe ukiwa umefika karibu na tezi ya pituitari, damu ipimwe homoni kila mwaka, hata mtu akijisikia mzima.

Na aombe nakala ya mpango wake. Barua inayosema "alipata grei 54" haitoshi. Anahitaji ramani yenyewe ya dozi, pamoja na ukubwa wa fungu, idadi ya mafungu, na kiwango cha juu kilichofika kwenye kila neva na kwenye makutano. Hospitali hubadilisha mifumo ya kompyuta, wapangaji huhama, na mtu anaweza kuishi miaka 30 baada ya tiba hii. Akija kuhitaji mionzi ya kichwa tena kwa sababu yoyote, mipaka yote niliyoitaja hapo juu haimhusu tena kama ilivyo. Atakayempangia atahitaji kujua neva ile imeshabeba nini, na bila ramani hiyo atalazimika kukisia.